Inchi Nane za Meza Yangu

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa yetu nimesubiri aonyeshe jinsi somo hilo linavyoweza kumsaidia mtu nyumbani. Bado nasubiri. Akipigilia msumari, picha inaegea upande. Akinunua pazia, linafunika nusu ya dirisha na kuacha nusu nyingine kwa ajili ya majirani. Kwa hiyo muhula wa pili ulipoanza, aliponiketisha na kuniambia kwamba anataka kuunda kompyuta, si kununua bali kuunda kwa mikono yake, nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Ni ya kazi," akasema. "Ya kusahihishia mitihani."

"Mitihani gani inayotaka kadi ya grafiki?"

Kadi hiyo nilikuwa nimeiona siku nyingi, ndani ya kabati, imeviringishwa kwenye sweta yangu ya kijani niliyokuwa naitafuta tangu mvua zianze. Kitu kizito, kirefu, chenye feni tatu. Kando yake kulikuwa na pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, kubwa kama mkate mzima. Bwana huyu alikuwa amenunua matumbo yote ya kompyuta ila kasha la kuyatia. Fundi wa nguo akinunua zipu na vifungo kabla ya kujua nguo ni ya nani, watu humwombea. Mwalimu wa fizikia akifanya hivyo, eti ana mpango.

Sasa niseme habari za meza, maana vita vyote vilikuwa vyake. Meza yangu ya kukatia ina futi sita kwa tatu na nusu. Iliundwa na seremala wa sokoni Magwagwa kwa mbao za grevilea, nami niliipata kwa jasho la cherehani, si kwa zawadi ya mtu. Inakaa sebuleni chini ya dirisha kwa sababu ya mwanga. Asubuhi nachuma majani chai, mchana nina shamba na jiko. Kuanzia saa tisa hadi jua lizame, hapo ndipo ninapokuwa fundi. Hizo tu ndizo saa zangu.

Na mwaka huo nilikuwa na kazi ambayo fundi wa kijijini huiota. Kwaya ya kanisa letu ilinipa magauni thelathini na mawili, rangi ya maziwa, kola za buluu, yavaliwe kwenye makambi, mikutano ya kanisa ya mwezi wa nane. Makambini hukutana kwaya za kila upande, na kina mama wa kwaya hawasikilizi nyimbo za wenzao. Wanakagua mishono. Yakitoka sawa, ningepata wateja kutoka Keroka mpaka Suneka. Yakichelewa au yakipinda, ningebaki fundi wa viraka na kaptura za shule maisha yangu yote. Niliomba usiku na mchana Mungu asiniaibishe.

Kwa hiyo nilimpa mwalimu masharti. Kompyuta yako, nikamwambia, ina kona ya kulia, pale pasi inaposimama. Upana inchi nane, kwenda ndani inchi kumi na tano. Skrini utaitundika ukutani mahali pa picha ya harusi, ambayo hata hivyo umeitundika ikaegea. Kasha likizidi inchi nane hata kwa unene wa uzi, litalala na kuku.

"Hakuna kompyuta ya gemu inayoingia hapo," akasema, kisha akajiuma ulimi kwa sababu alikuwa ametaja gemu.

"Basi tutaitafuta ya kusahihishia mitihani."

Tulienda Kisii siku ya Jumapili, maana Jumamosi sisi ni watu wa Sabato. Alitaka kwenda peke yake. Nikasema nina haja ya uzi wa buluu, na uzi wa buluu hauchaguliwi na mwanamume. Utepe wangu wa kupimia niliuvaa shingoni kama ninavyouvaa kazini. Sikuona sababu ya kuuficha.

Duka lenyewe lilikuwa ghorofa ya pili. Makasha yalipangwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini, yakiwaka taa nyekundu, za zambarau, za kijani. Huku kwetu kasha hilo kila mtu huliita sipiyu, nami nililiita hivyo, na muuzaji akamtazama mume wangu kwa huruma. Alikuwa kijana wa suruali ya kubana na miwani ya jua ndani ya nyumba. Mume wangu akapewa kiti kinachozunguka. Mimi nikaambiwa, "Mama, pale kwa mlango kuna upepo mzuri."

Akamletea sipiyu kubwa, ya vioo pande tatu, feni saba. Haki ya nani, ningeweza kufugia mbuzi mle. "Hii ndiyo wanaume wanachukua," akasema. Na mume wangu akaizunguka kama anunuaye ng'ombe. Ilibaki tu aiangalie meno. Sikushangaa. Hapa kwetu kitu kikiwa kikubwa ndicho kizuri. Sofa lazima lizibe mlango wa chumba cha kulala. Spika lazima zipasue bati. Hata matanga, hema zikiwa chini ya sita, watu wanarudi nyumbani wakisema marehemu hakupendwa. Mwanamume wa Nyamira anunue kitu kidogo kwa hiari yake? Wacha bwana.

"Hii ni inchi ngapi?" nikauliza kutoka mlangoni.

"Mama, hii haipimwi kwa inchi. Hii ni suala la hewa. Mashine inataka kupumua."

"Hata mimi nataka kupumua kwenye meza yangu. Zile ndogo kule juu ni za nani?"

Zilikuwa kwenye rafu ya mwisho kabisa, zimeshika vumbi. Akasema ni za ofisi, ama za watu wasio serious. Nikamwambia atuteremshie moja ya hao watu. Akapanda ngazi akihema, akaleta kasha jeusi, la wavu pande mbili, halina taa wala kioo, lenye kishikio cha ngozi juu. Nikaondoka mlangoni kwenye upepo wangu mzuri, nikavuta utepe. Upana inchi saba na nusu. Kwenda ndani kumi na nne. Kimo kumi.

"Hili," nikasema.

Wakanicheka wote wawili, mume wangu kidogo, muuzaji sana. "Lakini mama, kadi haitaingia humu. Kadi za gemu ni ndefu."

"Kadi ya huyu ni inchi kumi na mbili na robo. Unene wake mbili na nusu. Wewe soma hapo kwenye katoni uniambie humu inaingia ya inchi ngapi."

Niliitoa kwenye sweta yangu nikaipima asubuhi hiyo hiyo, mume wangu akinyoa ndevu. Kusikia hivyo aligeuza shingo akanitazama mpaka nikadhani itateguka. Muuzaji akasoma katoni, akapiga hesabu kwenye simu, akasoma tena. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba inaingia mpaka kumi na mbili na nusu.

"Imebaki robo," akasema mume wangu kwa wasiwasi. "Robo inchi ni kidogo."

"Kwenye kiuno cha sketi, robo inchi ni chakula cha mchana. Inatosha."

Basi hapo ndipo ilipojulikana kwamba ule mkate wa pawa saplai hauwezi kuingia, kwamba makasha madogo yana pawa saplai zao ndogo, na kwamba hata ile bodi ya ndani lazima iwe ya kipimo kidogo. Mume wangu alipokea habari hizo moja moja kama mtu anayesomewa mashtaka. Muuzaji alichangamka sana, akakubali kubadilishana, akanitengea kiti kinachozunguka.

"Huyu mama ni injinia?" akamuuliza.

"Hapana," akasema mume wangu. "Ni fundi wa nguo tu."

Hiyo "tu" niliisikia. Nilikwenda nayo hadi kwenye duka la uzi na nikarudi nayo hadi nyumbani, na sikumsemesha mpaka Jumanne.

Jumapili iliyofuata akaiunda juu ya meza yangu, na mimi nikavumilia kwa sababu ilikuwa siku moja. Alikataa msaada. Saa tatu baadaye waya zilikuwa zimejaa mle ndani hadi ubavu haufungi, naye anausukuma kwa goti. Nikamwambia aondoe goti. Waya ni kama pindo: hazirundikwi, zinalazwa. Nilizilaza nyuma ya bodi moja baada ya nyingine, nikazifunga kwa vipande vya ukanda wa lastiki, na ubavu ukafunga bila hata kulia. Ikawaka. Ikakaa kwenye kona yake, ikabakiza nusu inchi. Niliita majirani waione! Si kompyuta, hiyo nusu inchi.

Nisijisifu sana, maana nami nilifanya langu. Sebuleni kwetu, kama sebule yoyote ya heshima, kila kitu kimevalishwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, stuli, hata mtungi wa maji. Nikaona aibu mgeni kukaa uchi peke yake. Nikamfumia kitambaa cha buluu, nikamvika juu, nikakinyoosha vizuri. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inazimika kila baada ya dakika ishirini. Mwalimu alilaumu stima. Akalaumu virusi. Siku ya tatu alikuwa anajiandaa kwenda Kisii kumkaba koo muuzaji, ndipo mkono wake ukagusa kitambaa ukakuta kinachoma. Kumbe lile kasha hupumulia utosini. Alikiondoa kwa vidole viwili, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Na ile mitihani? Hata karatasi moja haikusahihishwa. Mtu mzima, mwenye digrii, alikuwa anaendesha lori ndani ya gemu. Anapakia mbao Ujerumani anapeleka Polandi. Anapakia jibini Polandi anarudisha Ujerumani. Alikuwa ameazima usukani wa mchezo kwa mwalimu mwenzake, akaubana kwenye ukingo wa kona yake. Ndizi za jirani zinaozea kando ya barabara kwa kukosa gari, na hapa ndani tuna dereva anawahi kufikisha jibini ya Wazungu. Lakini alikaa ndani ya mipaka. Nilikata kitambaa changu upande huu, yeye akasafirisha jibini yake upande ule, tukachokozana, ikawa hata raha. Magauni kumi na moja yalikuwa yamekamilika.

Ndipo akaja baba yake.

Baba mkwe wangu anaishi juu kidogo ya kwetu, ua mmoja, nyumba yake peke yake tangu mama mkwe alipofariki mwaka juzi. Alikuwa dereva wa lori, wa kweli, aliyepeleka chai Mombasa miaka na miaka mpaka mgongo ukamkataa. Kwa desturi yetu baba mkwe haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Ni heshima tunayoiita chinsoni, inayomtenga mzee na mke wa mwanawe ili wasivunjiane staha. Wengi wameilegeza siku hizi, lakini mzee wetu hakulegeza hata nati moja. Chai yake aliinywea barazani. Maombi ya familia aliyaombea barazani, sisi tukiwa ndani tumefumba macho. Mkono hanipi wala simpi. Tunasalimiana kwa mdomo, yeye akitazama mgomba.

Siku hiyo alikuwa akitoka kituoni kuuza majani chai, akasikia injini dirishani. Akasimama nje na kikapu mgongoni, akachungulia skrini kupitia dirisha. Kisha akafoka kwa Kigusii, "Wewe! Unaingiaje kona hiyo na gia ya juu? Utaangusha mzigo!"

Mume wangu nusura aruke kitini. Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi, mzee dirishani, mwanawe usukanini. Alitaka kujua polisi wako wapi. Alitaka kujua mizani iko wapi, na ni barabara gani hiyo isiyo na matuta wala ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeinamia mkasi wangu nikijizuia nisicheke, maana mbele ya baba mkwe hata kicheko kina kipimo chake.

Lakini hali yetu ya hewa mnaijua: ikifika saa kumi, mvua. Mzee akasimama kwenye mvua. Siku ya kwanza alijifunika gunia. Siku ya pili maji yalimtiririka puani naye hajatoka, kwa sababu lori lilikuwa linateremka mlima. Nikashindwa kuvumilia. "Baba yako ananyeshewa," nikamwambia mume wangu. "Mwingize." Mimi ndiye niliyesema. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Akaingia. Alivuka kizingiti akiwa ameshika kofia mbele ya kifua, akaketi usukanini, na mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilidhani ni siku moja. Ebo! Mzee alikuwa dereva wa kufuata sheria. Mahali pa hamsini alikwenda hamsini. Kwenye taa alisimama hata kama barabara nzima haina mtu. Safari moja ilichukua mchana wote, na hakuwa wa kuachia njiani. "Mzigo wa watu hauachwi barabarani," alisema, na mwanawe akaitikia, "Ndiyo, Tata," yaani Baba, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Mume wangu alivuta kiti kando yake wakawa wanapiga hadithi za njia ya Mombasa, za Mtito na Voi, huku wakipita kwenye theluji. Kila siku. Saa tisa na nusu mzee alishakuwa barazani anakohoa ili nijue amefika.

Na mimi je? Cherehani yangu ni ya miguu. Ukishona, magoti yanapanda na kushuka, sketi inapanda na kushuka. Mbele ya baba mkwe? Hata mwanamke asiye na aibu angefikiria mara mbili. Nikahamia jikoni, kile kibanda cha nje, nikawa napinda mapindo kwa mkono kando ya moshi. Kukata sikuweza kabisa, maana hakuna meza. Zile inchi nane nilizozipigania zilikuwa palepale, kasha halikusogea hata kidogo, na futi zangu sita zote zilikuwa zimekwenda. Nililipima lile sanduku kila upande, mjinga mimi, nisiwapime wanaume watakaolifuata.

Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mwenye sauti ya juu hata akinong'ona, alikuja kujaribu gauni lake. Akakuta mzee sebuleni, ikabidi alijaribu jikoni, kati ya sufuria na kuni. Akalinusa begani. "Mama," akasema, "tutaimba au tutakausha nyama?" Akahesabu wiki zilizobaki kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja hakukitumia. Aliondoka bila kunywa chai. Kwetu mgeni akikataa chai, ameshaamua jambo.

Jioni nikamwambia mume wangu amwambie baba yake.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mke wako ana kazi."

"Tangu mama afe sijamwona akicheka. Unataka nimfukuze?"

"Nataka meza yangu!"

"Subiri kidogo tu," akasema, "atachoka." Na hiyo "tu" ikanipanda kichwani moja kwa moja.

Sikusubiri. Kesho yake asubuhi sikwenda shambani. Mwalimu alikuwa shuleni, mzee yuko kwenye majani. Nikachomoa waya zote, ambazo nilizijua kuliko mwenyewe, nikalifunga kasha kwenye leso, nikaning'iniza usukani begani, nikapanda nalo hadi kwa mzee. Kumbe uzuri wa kitu kidogo ndio huo! Ile ya vioo na feni saba ingehitaji wanaume wanne na dua. Sebule ya mzee huwa naifagia akiwa hayupo, kwa hiyo sikuvunja mwiko wowote. Televisheni anayo, aliyonunuliwa na shemeji zangu. Nikaunganisha waya, nikabana usukani mezani pake, nikawasha, lori likaonekana limeegeshwa kwenye jua. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja na redio. Viti vingine vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani. Niliviona. Lakini nilikuwa na magauni ishirini na moja kichwani, nikafunga mlango nikateremka mbio.

Mume wangu aliporudi, akaitazama kona iliyo tupu. "Nimewarahisishia," nikamwambia. "Mzee sasa ana lori lake kwake, hanyeshewi, havunji desturi. Nenda ukaendeshe." Nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi, nina maneno tayari ya wiki nzima. Hakugombana. Akapanda kwa baba yake, na kabla chai haijachemka akawa amerudi. Mzee alisema amechoka leo. Siku ya pili alisema macho yanamuuma. Siku ya tatu mume wangu alikuwa na rundo la karatasi za moko, ule mtihani wa majaribio, hakwenda.

Nami nilishona. Jamani, nilishona! Nilitandaza kitambaa mezani mwisho hadi mwisho, nikakata magauni manne kwa mpigo, nikakanyaga pedali hadi vifundo vikavimba. Wiki ilipita nikiwa nimebakiza kola sita. Kwenye redio kulikuwa na kwaya, nikaimba nayo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa kumi, mvua ndiyo kwanza inaanza. Sikumsikia akikohoa. Niliinua kichwa nikamkuta amesimama nje ya kizingiti, amelikumbatia kasha kwa mikono miwili, limefungwa kwenye leso yangu ile ile, imefuliwa na kunyooshwa. Usukani uko begani. Mume wangu hakuwa amefika. Nikaruka kutoka kwenye cherehani, nikavuta sketi.

"Nimerudisha gari," akasema akitazama mgomba.

"Imeharibika, Tata?"

"Haina shida. Ni nzuri." Akaliweka chini, ndani ya mlango, bila kuvusha mguu, mkono tu. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mtu asiyejua barabara: "Dereva wa Mombasa anapewa taniboi, msaidizi wa kukaa naye garini. Si wa kupakia tu. Ni wa kumwongelesha, asilale. Mimi kule juu, nikiwasha, kabla sijatoka mjini, nimelala."

Maji yalikuwa yanaanza kumtiririka kwenye kofia, na mimi nikafanya jambo ambalo mke wa mwana hafanyi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Tata, ingia."

Basi akanitazama, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, usoni kabisa. Halafu akatazama meza, kitambaa kilivyojaa kutoka ukingo hadi ukingo, chaki, mkasi, zile kola sita.

"Hapana, mama," akasema. "Maliza nguo za watu." Akageuka akapanda kwake, hakuharakisha, mvua ikimnyeshea.

Nilimaliza. Magauni yalisifiwa makambini mpaka nikaona haya, na kiongozi wa kwaya alinikumbatia mbele ya watu. Nimepata kwaya mbili mpya, moja ya Suneka. Kompyuta imerudi kwenye kona yake. Mume wangu alimwita baba yake mara tatu, mara ya mwisho karibu apige magoti, na mzee alisema tu kwamba ana kazi ya kupalilia. Naona aibu, na nimeshaomba msamaha kwa kila njia inayoruhusiwa kwa mke wa mwana, yaani nimepeleka chai, nimepeleka uji, nimepeleka ndizi mbivu.

Saa kumi mzee hupita pale njiani akitoka kituoni, kikapu kitupu mgongoni. Mlango nauacha wazi, hata mvua ikinyesha ndani. Hasimami. Huuliza tu, "Mko?" Nami hujibu, "Tuko, Tata." Kisha nakaa chini nakanyaga cherehani, kwa sababu meza ni yangu yote na hakuna anayenizuia.